Maneno Mafupi ya Kibet

Mama Njeri anafunga duka. Binti yake amemwita Uingereza akakae naye, ashike wajukuu, apumzike kuuza mkate, na Jumamosi iliyopita nilienda kumsaidia kuteremsha vitu kutoka kwenye rafu. Nilipoingia nyuma ya kaunta, mahali ambapo zamani ni mimi peke yangu kati ya watoto wote niliyeruhusiwa kukanyaga, pua yangu ilipokea kila kitu kwa mkupuo mmoja: mafuta ya taa, sabuni ya mche, mkate wa asubuhi, na ile harufu ya waya moto ya mahali ambapo simu za watu huchajiwa kutwa nzima. Nikasimama na katoni ya chumvi mikononi kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mama Njeri akauliza kama katoni ni nzito. Nikamwambia hapana, nasoma SMS. Alicheka mpaka akalazimika kukaa juu ya kreti.

Alicheka kwa sababu hapo nilipokuwa nimesimama ndipo habari zote za majuu ziliposomwa, na msomaji nilikuwa mimi.

Watu wa rika langu mnazikumbuka zile simu ndogo zenye tochi kichwani, tulizoziita mulika mwizi. Baba alikuwa na moja. Umeme ulikuwa haujafika kwetu. Uliishia dukani kwa Mama Njeri, pale barabara ya Kesses inapouacha mji wa Eldoret na mahindi kuanza. Kwa hiyo simu ya Baba ilishinda dukani ikichajiwa, ubavuni mwa simu ya Mama Njeri, juu ya sanduku la mkate. Baba alikuwa shuleni akifundisha, Mama alikuwa shambani, na Mama Njeri alidai kwamba herufi zimekuwa ndogo siku hizi, ingawa mtoto akigusa peremende upande wa pili wa duka alimwona vizuri. Kazi ya kusoma ikaniangukia mimi, Cheptoo, darasa la tano, sauti kubwa, aibu kidogo. Nikitoka shuleni nilipitia dukani, nikapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikasoma. Aliyekuja kununua mkate alibaki kusikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyeona kwamba ule ni ujumbe wa watu wengine. Mtoto aliye mbali alikuwa wa wote.

Watoto wenyewe walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Njeri, binti wa Mama Njeri, muuguzi huko Uingereza. Familia yao ilitoka upande wa Kati zamani sana. Wakati wa vita vya baada ya uchaguzi walihama, kisha wakarudi, na jambo hilo watu wazima hawakulizungumza mbele yetu. Nilichokiona mimi ni kwamba Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliwapelekea maziwa kila asubuhi tangu waliporudi, na Mama Njeri hakuwahi kumruhusu Kogo apange foleni.

Njeri aliandika kwamba anafanya kazi A&E. Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na hakuna kitu kilichompendeza kama kuulizwa maana ya neno mbele za watu. Akatueleza kuwa hiyo ni idara ya ajali na dharura. Hapo alipatia. Lakini Njeri alikuwa na tabia nyingine: alimalizia kila ujumbe kwa herufi x, mara nyingine mbili. Mimi sikuhitaji kuuliza maana yake. Niliijua x tangu darasa la kwanza, ilikuwa nyekundu na ilikaa pembeni mwa hesabu zangu. Nilimwonea Njeri huruma. Mtu amesoma mpaka akavuka bahari, na bado kuna mwalimu huko anayesoma kila anachowaandikia wazazi wake na kumwambia amekosa. Zikija mbili, nilizisoma kwa sauti ya chini ili nisimwaibishe mbele ya mama yake. Kwamba kwa Waingereza x ni busu, nilikuja kujua nikiwa mtu mzima.

Wa pili alikuwa kaka yangu Kibet. Kibet alikimbia. Najua kwamba kumwambia mtu wa Eldoret kuwa kaka yako alikimbia ni kama kumwambia kuwa kaka yako alikuwa na miguu, lakini Kibet alikimbia vizuri kiasi kwamba chuo kimoja cha Marekani kilimchukua, kikamlipia masomo ili awakimbilie. Kanisa zima lilimsindikiza. Walimuombea mpaka mvua ikanyesha, na watu walirudi nyumbani wamelowa na wameridhika.

Kwa hiyo Njeri alituchanganyia Kiswahili na Kiingereza cha Waingereza, na Kibet akaanza kutuchanganyia na Kiingereza cha Wamarekani, na wote wawili walikata maneno kwa sababu simu zenyewe zilikuwa na nafasi ndogo. Baba hakupenda kabisa. Alisema Kiingereza si kuku, hakina haja ya kukatwa miguu kabla ya kupelekwa kwa watu. Lakini alivyoyafungua yale maneno mafupi! Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, huku wateja wakimngoja. Alikuwa amefundishwa na watu waliofundishwa na Waingereza, na kwake Kiingereza kilikuwa kimoja tu. Wamarekani aliwachukulia kama wanafunzi walioacha shule mapema.

Siku moja Kibet aliandika kwamba amepata PR mpya. Baba alifuta miwani, akatangaza kuwa PR ni mambo ya uhusiano mwema, kazi ya ofisini, ya watu wenye tai, na kwamba kijana amepewa cheo kabla hata ya kumaliza mwaka. Mama alipongezwa na watu mpaka sokoni. Waendesha boda boda wa pale nje, ambao nusu yao waliwahi kukimbia na nusu nyingine walisema waliwahi, waliguna tu. Kisha Kibet akaeleza kwamba huko PR ni muda bora wa mtu katika mbio, ule ambao sisi wote tunauita PB. Boda boda mmoja akamwambia Baba, kwa heshima zote, "Mwalimu, hiyo hata ng'ombe wa huku wanajua ni PB." Baba akajibu kwamba Wamarekani walipochukua uhuru waliharibu vitu vingi. Hakuonekana mtu aliyeshindwa. Alionekana mtu ambaye ng'ambo imemwangusha.

Halafu ukaja ule ujumbe mwingine. Ilikuwa wakati wa kupanda mahindi, miguu ya watu wote dukani ilikuwa na udongo. Niliusoma nikiwa juu ya ndoo yangu: "Jana nilikuwa ER. Wiki ijayo naanza PT. Msijali."

Nyinyi wa rika langu mmeshaelewa. Mmeona televisheni, mmejua kwamba ER ya Wamarekani ndiyo A&E ya Njeri, chumba kile kile, damu ile ile. Sisi hatukuwa na televisheni. Baba alipofika jioni alifikiri kwa muda, halafu uso wake ukang'aa. ER, alisema, ni alama ya Malkia wa Uingereza. Aliiona akiwa mtoto, imechongwa kwenye sanduku la posta la zamani. Bila shaka Kibet alikuwa amealikwa katika jumba fulani lenye jina la Malkia, labda karamu, labda tuzo. Mama akauliza Malkia anatafuta nini Marekani. Baba akasema wale ni ndugu, hata wakigombana hutembeleana. Na PT? Hiyo ilikuwa rahisi kwake. PT ni mazoezi ya viungo, ile michezo ya uwanjani waliyofanyishwa wao shuleni kila asubuhi wakihesabu moja mbili. Kijana ameongezewa mazoezi. Kesho yake Baba alikwenda na habari hiyo mpaka chumba cha walimu.

Mama peke yake ndiye aliyebaki ameshika mkate wake. Hakuuliza kuhusu ER wala PT. Aliuliza kwa nini Kibet anasema tusijali.

Baada ya hapo maneno ya Kibet yalizidi kuwa mafupi. Mwanzoni alikuwa akituandikia kuhusu theluji, kuhusu chakula kisicho na chumvi, kuhusu somo la hesabu ambalo huko wanalikata mpaka herufi ya mwisho inayobaki kwa Waingereza nayo inaondoka, maths ikawa math, jambo lililomuuma Baba kuliko yote. Sasa alituandikia kwamba yuko sawa. Kisha "Ok." Kisha ikaja siku nikapanda juu ya ndoo na kusoma herufi moja tu, "K." Baba alisema hiyo ni sahihi yake. Mama alisema mtu aliye sawa hachoki kuandika kwamba yuko sawa.

Mama alianza kukonda. Alikuja dukani kabla sijatoka shuleni, akasimama karibu na simu isiyolia. Usiku nilimsikia akimwambia Baba kwamba anataka kusikia sauti ya mtoto wake, si herufi zake. Baba alimjibu kwa upole kwamba mtoto ana mazoezi, lakini na yeye alikuwa ameacha kueleza habari za Kibet katika chumba cha walimu. Hilo ndilo lililokuwa limetuketia kifuani mwaka ule: hatukujua kama Kibet ni mzima, na hapakuwa na mtu wa kumwendea.

Au hivyo ndivyo watu wazima walivyodhani. Mimi nilijua yupo.

Lazima niwaeleze jinsi nilivyoiona dunia. Kulikuwa na Kenya, na kulikuwa na majuu. Njeri ameenda majuu, Kibet ameenda majuu. Wote walipanda ndege ile ile Nairobi. Wote walipotutumia picha walikuwa wamevaa makoti. Malkia alikuwa wa Njeri, kisha tukaambiwa amemkaribisha Kibet. Niliona majuu kama Eldoret kubwa zaidi, yenye mto katikati kama Sosiani wetu, ambapo mvua huweza kunyesha ng'ambo hii na ng'ambo ile pakavu. Njeri alikaa upande wa mvua, Kibet upande wa theluji. Kilichonishangaza ni kwamba Njeri hakuwahi kusema amempitia.

Mwezi wa nane, mahindi yakiwa yamebeba, Njeri alikuja nyumbani. Alikuwa mnene kidogo, mwenye kicheko kile kile, na akanikumbatia mpaka nikanusa marashi yake siku mbili. Nilitaka kumuuliza kuhusu zile x lakini niliona si vizuri kumkumbusha mtu makosa yake akiwa likizoni.

Sasa, kwetu hakuna mtu anayesafiri kwa ajili yake mwenyewe. Ukisema tu unaenda Burnt Forest, kabla hujafunga viatu mtu amekuletea kuku umpelekee shangazi yake, mwingine miche ya kabichi, mwingine salamu ndefu kuliko safari yenyewe. Hukatai. Ukikataa mzigo wa mtu umemwambia kwamba hamjuani. Ukisema hupiti njia hiyo, utaambiwa si mbali, utauliza tu. Na mzigo ukishaupokea kwa mkono ni wako, mpaka umfikie mwenyewe. Nimeona mtu akirudi mpaka mji mwingine siku iliyofuata, kwa miguu, kwa sababu alisahau kufikisha ndizi za jirani.

Kwa hiyo siku ya kumuaga Njeri, sebule ya Mama Njeri nyuma ya duka ilijaa mizigo. Chai ilikuwa imeandaliwa, watu walikuwa wamekaa, Njeri alikuwa ameinama juu ya sanduku lake akijaribu kuingiza unga wa wimbi, ndipo Kogo alipoingia. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Mkononi alikuwa na kibuyu chake kirefu, kile cha shanga shingoni, kimejaa mursik, maziwa yaliyolala ndani ya masizi ya mkaa mpaka yakawa na rangi ya mawingu. Akamnyooshea Njeri. Akasema ni ya Kibet.

Watu wazima wote mle ndani walijua ramani. Mama aliangalia sakafu. Baba ndiye aliyejaribu.

"Mama," alisema, "Njeri anaenda Uingereza. Kibet yuko Marekani."

"Kwani hiyo si majuu?"

"Ni majuu. Lakini ni mbali kidogo."

"Mbali kama Burnt Forest?"

Baba akaangalia wageni. Hakuna mwanamume wa kwetu atakayemfundisha mama yake jiografia mbele ya watu wanaokunywa chai. Kogo akamgeukia Njeri tena, mkono bado umenyooshwa. "Hata kama ni mbali, utauliza tu," alimwambia.

Niliona jambo linakwama, na mimi ndiye msomaji, kwa hiyo nikaona ni wajibu wangu kusaidia. Nikasema hata si vigumu kumpata. Nikasema alikuwa kwa Malkia, pale ER, na sasa anafanya PT, aende tu aulize huko. Watu wakapasuka kwa kicheko. Mama Njeri alifuta macho kwa leso, mchungaji akamwagikiwa na chai.

Njeri hakucheka. Aliinuka kutoka kwenye sanduku, akanivuta karibu, akaniuliza Kibet aliandika nini hasa. Nikamwambia kama nilivyousoma, neno kwa neno, pamoja na ile msijali ya mwisho. Akaniuliza lini. Nikamwambia wakati wa kupanda mahindi. Akanitazama, kisha akamtazama Mama, jinsi nguo yake ilivyomlegea mabegani, kisha dirishani ambapo mahindi yalikuwa yamepita urefu wa mtu. Mimi nilidhani anapanga njia.

Akapokea kibuyu kwa mikono miwili.

"Nitamfikishia, Kogo," alisema.

Baba alijaribu tena kumwambia kimya kimya mlangoni kwamba asijisumbue, mzee hajui mambo ya mipaka, akifika Nairobi akiache kwa mtu yeyote. Njeri alimjibu kwamba ameshakipokea.

Mambo yaliyofuata tulisimuliwa baadaye, na Mama Njeri huyasimulia vizuri kuliko mimi. Njeri alikibeba kibuyu kwenye mapaja kutoka Eldoret mpaka Nairobi, akiogopa kukiweka kwenye sanduku kisije kikavunjika. Uwanja wa ndege wakamwambia maziwa hayapiti. Amwage. Sasa jueni kwamba Njeri tangu utotoni hakuipenda mursik. Alikuwa akija kwetu kucheza, lakini Kogo akitokea na kikombe, alikumbuka ghafla ametumwa nyumbani. Lakini alisimama pale kwenye foleni, akaondoa kifuniko, akainywa yote, masizi na mabonge, mpaka chini. Askari aliyekuwa amemzuia alikuwa mtu wa huku kwetu. Aliwasimamisha walio nyuma wangoje. Njeri alimwambia mama yake kwamba hakuweza kumwaga maziwa ya mtu mzee sakafuni, mbele ya watu. Kibuyu kitupu wakakiruhusu.

Alipofika alimpigia Kibet. Hakumuuliza kama yuko sawa. Alimuuliza ni mguu upi. Kibet akamwambia, kwa sababu muuguzi ni muuguzi, na kwa sababu Njeri ndiye aliyemfunga bendeji magotini alipokuwa mdogo. Akamwapisha asiwaambie wazazi. Njeri alisema hatasema. Lakini alisema pia kwamba kuna kibuyu kinakuja kwa posta, na atakapokipata ajue mwenyewe atamwambia Kogo nini.

Sisi tulichopata ni ujumbe mmoja: "Nimefika salama. Cha Kibet kiko njiani. xx." Nilisoma zile mbili kwa hofu kubwa. Niliona Njeri amekosea njia.

Simu ililia Jumapili baada ya kanisa. Kwa bahati wote tulikuwa dukani, Baba na tai yake, Mama, Kogo kwenye kiti cha plastiki anachowekewa yeye tu, na nusu ya kanisa wakinunua maziwa na mkate. Ilikuwa simu ya Baba. Mama Njeri akaibonyeza ile sehemu ya kutoa sauti kubwa, akaiweka juu ya kaunta, na sauti ya Kibet ikatoka pale katikati ya mikate, nyembamba, kama inatoka chini ya kisima. Mama aliweka mkono mdomoni. Sikuwa nimemwona akilia mchana kabla ya hapo.

Kibet alisalimia mmoja mmoja. Alisema kibuyu kimefika kizima, ingawa kitupu, kwa sababu maziwa yalizuiwa uwanja wa ndege. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema anataka kuzungumza na Mwalimu, na Baba akakaribia kaunta, akafuta miwani kwa mazoea.

Akamwambia. Alisema ER si Malkia, ni hospitali, pale wanapopelekwa watu wa dharura. Alianguka mazoezini. Mfupa wa mguu ulikuwa na ufa, na ukaendelea kufunguka kila alipojaribu kukimbia. PT ni wale wa hospitalini wanaomnyoosha misuli na kumfundisha kukanyaga upya. Hakuwa amekimbia mbio hata moja tangu tulipopanda mahindi. Kocha alisema watamlipia mpaka mwisho wa mwaka, halafu wataona.

"Kwa nini hukuandika hospitali?" Baba aliuliza.

"Niliandika, Mwalimu," Kibet alisema. "Niliandika vile wanaandika huku. Nilijua wewe utaifasiri vizuri."

Nilimtazama Baba. Watu wote walimtazama, kisha wakakumbuka adabu, wakaangalia mikate. Alivua miwani na hakuivaa tena. Ningependa kuwaambia kwamba nilielewa, lakini nilichofahamu ni kwamba Baba ameumia na hakuna mtu aliyemgusa. Leo naelewa zaidi. Kibet hakutudanganya hata siku moja. Alimpa baba yake herufi chache, akamwachia azijaze kwa furaha, na Baba alizijaza kwa furaha yote aliyokuwa nayo. Nawapenda wote wawili kwa hilo, na bado siku ile nilitamani kumpiga Kibet.

"Mimi nilifurahi sana siku ile," Baba alisema. Hakusema kwa hasira. "Sasa niambie. Mguu wenyewe unauma?"

"Unauma, Baba."

Hakuwa amemwita Baba tangu alipoingia sekondari, kwa sababu huko Baba alikuwa mwalimu wake darasani. Mama alisogea, akashika ukingo wa kaunta, akaanza kumuuliza maswali ya mama: unakula, unalala, nani anakufulia. Kibet alijibu yote kwa maneno marefu. Nakumbuka hilo, jinsi yalivyokuwa marefu, na jinsi kila neno lilivyomrudishia Mama rangi kidogo usoni.

Mwishowe alisema jambo la kibuyu. Alisema amekiweka juu ya kabati na anaogopa hata kukifungua akinuse. Wakimbiaji wote wa huku, alisema, wanaporudi na medali hupokewa uwanja wa ndege kwa mursik, tumeona kwenye magazeti. Yeye hakushinda kitu. Hata kushindwa hakushindwa, hakuanza. "Mwambieni Kogo nitamrudishia na Njeri," alisema. "Hiyo ni ya mtu ameshinda."

Kogo alikuwa bado kwenye kiti chake. Alisikiliza mambo ya ER na PT kama anayesikiliza habari za hali ya hewa ya nchi nyingine. Lakini hapo alisimama, akachukua simu kutoka kwenye kaunta, akaishika juu chini, mdomo wake ukiwa kwenye tochi.

"Kibet. Nani amekwambia hiyo maziwa ni ya washindi?"

"Ndivyo inafanywa, Kogo."

"Wewe nilikunywesha kutoka hicho kibuyu kabla hujajua kutambaa. Hiyo siku ulikuwa umeshinda nani?"

Tulimsikia Kibet akipumua huko aliko.

"Hakuna mtu, Kogo."

"Basi tafuta maziwa ukijaze," Kogo alisema, akamrudishia Baba simu.